Kibao Kilichomwacha Kaze

Scovia alikufa mara nyingi kabla chai yake haijapoa.

Kila alipokufa, msichana mdogo mwenye koti la mvua la njano alitumbukia bondeni, maji yakaruka, na mara akawa amesimama tena mwanzo kabisa wa kilima, anapepesa macho kana kwamba hakuna lililompata. Scovia alibonyeza. Msichana akaruka, akatua juu ya kibao kilichokuwa kinaelea hewani. Kibao kikasogea kuelekea kulia. Msichana akabaki pale pale, na chini ya viatu vyake hapakuwa na kitu. Maji yakaruka.

"Imeharibika hii," alisema Scovia.

"Haijaharibika, Mama." Binti yake, Umutoni, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. "Inabidi utembee nacho. Kibao kikienda na wewe unakwenda. Unabonyeza mshale pole pole."

"Nitembee kwa nini, na nimesimama juu yake?"

"Ndiyo ugumu wenyewe."

"Pale hospitali nikipanda lifti sitembei ndani. Ikipanda napanda. Sijaona lifti inayomwacha mtu angani."

"Mama, hii ni gemu."

"Hata kama ni gemu. Miguu anayo, hana?"

Ilikuwa Ijumaa jioni, jua bado linang'aa kwenye mabati ya mtaa wa Niboye, Kigali, na katika mwaka mzima hii ndiyo mara ya kwanza Umutoni kumruhusu mama yake kukaa mbele ya kompyuta hiyo. Alijua alichokuwa anakikwepa: ulimi wa mama yake. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili kwa sababu Scovia alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na ukali wake wote ulikuwa wa Kiswahili. Kinyarwanda alikiweka kwa ajili ya kanisani na kwa majirani, mahali ambapo ilimlazimu awe mpole.

Kazi yake ilikuwa fiziotherapia. Alisomea chuoni, akapata diploma, na tangu hapo amekuwa akiwainua watu vitandani na kuwafundisha kutembea upya: waliovunjika nyonga, waliogongwa na pikipiki, waliopooza upande mmoja. Ni kazi isiyotaka maneno matamu. Mgonjwa ukimbembeleza sana analala.

Gemu ilikuwa ya Umutoni peke yake, tangu mchoro wa kwanza mpaka sauti ya mvua. Msichana anaitwa Kaze. Anataka kumfikishia bibi yake mwavuli, na bibi anakaa mbali, kilima cha mwisho. Kati ya kilima na kilima kuna mabonde yaliyofurika, na juu ya maji hayo vinakwenda vibao: vingine vinasogea kushoto na kulia, vingine vinapanda na kushuka, na kimoja, kile cha mwisho, kinaanza kumong'onyoka mara mguu unapokikanyaga. Unavitazama kutoka ubavuni, kama mtu anayetazama jukwaa la maigizo, na kazi yako ni moja tu: kuruka kwa wakati wake.

Wiki moja mbele, Jumamosi, Umutoni angeiweka gemu hiyo juu ya meza kwenye maonyesho ya vijana huko Kimihurura. Studio moja ya kutengeneza gemu ingetuma mtu wa kuzunguka meza kwa meza, achague kijana mmoja wa kufanya nao kazi miezi sita. Na hapo ndipo mama na mwanawe walipokuwa wamewekeana masharti. Akichaguliwa, aende. Asipochaguliwa, Jumatatu yake anaanza kazi dukani kwa mama yake mdogo Kayitesi, anayeuza saruji, mabomba na misumari. Kayitesi alikuwa ameshamwekea kiti.

"Kuna mwingine aliyeicheza?" aliuliza Scovia.

"Wengi. Niliituma kwa watu kama ishirini. Christella, Manzi, vijana niliosoma nao, watu wa kwaya."

"Wakasemaje?"

"Wamesema ni nzuri. Wote."

"Sawa. Christella alifika kibao cha ngapi?"

"Alisema aliipenda sana."

"Sikuuliza alisema nini, mwanangu. Alifika wapi?"

Umutoni hakujua. Alichukua simu, kwa shingo upande, akampigia binamu yake, akaweka sauti ya nje ili ugomvi uishe mapema.

"Chris, ile gemu yangu. Sehemu ya vibao ulivuka?"

"Ile ya vibao? Aa, ndiyo niliyoipenda kuliko zote."

"Lakini ulivuka?"

"Unajua siku ile nilikuwa na kazi nyingi. Lakini ni nzuri, Umutoni, nakwambia kweli. Ile mvua inavyonyesha."

Manzi alisema rangi zake zimetulia. Kijana wa kwaya alisema alimwonyesha hata mdogo wake. Yule mdogo alivuka? Hapana, betri iliisha. Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wote wapole, wote wenye pongezi, na hakuna hata mmoja aliyepita kibao cha kwanza. Mmoja alikiri kwamba alidhani gemu yenyewe inaishia pale.

Umutoni aliweka simu chini, kioo kikitazama meza.

"Mbona hawakusema?"

"Hapa nani atakwambia kitu chako kibaya?" alisema Scovia. "Mtu akikaribishwa chakula kisicho na chumvi anasema asante nimeshiba. Wewe ulitaka Christella afanye nini?"

"Lakini mimi navuka, Mama. Kila mara. Tazama."

Alivuta kibodi kwake. Vidole vikakimbia. Kaze akaruka, akatua, akapiga hatua ndogo ndogo sambamba na kibao, akaruka tena, akapanda na kinachopanda, akagusa kile kinachomong'onyoka kwa ncha ya kiatu tu, akawa ng'ambo. Ilikuwa kama kumtazama mtu akipika jikoni kwake gizani, anajua kila sufuria ilipo. Na Scovia, ambaye hakuwa anajua lolote la gemu, alijua kabisa alichokuwa anakiona. Alikiona kila siku kazini. Mgonjwa aliyechechemea miaka mingi hajui tena kwamba anachechemea. Kwake huko ndiko kutembea.

Angeweza kunyamaza. Hilo lilimpitia kichwani, wazi kabisa, akiwa ameshika kikombe. Duka la Kayitesi lilikuwa na mshahara, bima, na mtu wa kumwangalia mwanawe. Ilitosha aseme ni nzuri, kama wale ishirini, na baada ya wiki moja Umutoni angerudi kutoka Kimihurura amenyong'onyea, na Jumatatu angekwenda kuuza misumari bila mtu kumlazimisha. Scovia alikunywa chai. Ilikuwa ya baridi.

"Wewe unachechemea," alisema. "Hiyo hatua unayopiga juu ya kibao, umejizoesha wewe. Kibao chako kina kasoro na umeifanya kuwa dansi."

Umutoni alifunga kompyuta, akaenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wakazi, na mtaa mzima ulitoka na majembe na mapanga kusafisha mtaro wa maji ya mvua. Umutoni alikata majani mbali na mama yake, pamoja na wanawake wa upande wa chini. Scovia alikata majani akifikiri. Mkutano wa wakazi ulipokwisha, watu wakiwa bado wanapangusa udongo mwekundu kwenye buti, alisimama kando ya njia akawatangazia, kwa Kinyarwanda chake cha upole, kwamba nyumbani kwake kuna chai ya maziwa na maandazi, na kila atakayekunywa atacheza gemu ya Umutoni.

"Umefanya nini?" Umutoni alimnong'oneza jikoni. "Watasema tu ni nzuri."

"Waache waseme. Wewe usisikilize."

"Sasa nitajuaje?"

"Nikimuuliza Mzee Sangwa anaendeleaje, anasema nini?"

Hata Umutoni alicheka kidogo. Mzee Sangwa alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, aliyevunjika nyonga kwenye ngazi za kanisa. Scovia alimfanyisha mazoezi uani kwake kila jioni, na kila jioni, hata jasho likimtiririka, jibu lilikuwa lile lile la Kifaransa, kwamba yu salama.

"Ça va, ça va," alisema Umutoni.

"Basi. Mimi simuulizi. Namwambia tembea, natazama mguu. Leo na wewe utatazama mikono. Na usimfundishe mtu."

"Akikwama je?"

"Mwache akwame."

"Mama, siwezi. Nitasema tu."

"Kalia mikono yako, na mdomo utafuata."

Kwa hiyo Umutoni alikaa kwenye kigoda pembeni ya meza, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Jirani wa kwanza alikuwa fundi viatu wa pale kwenye kona. Alitumbukia, akacheka kwa adabu, akatumbukia tena na tena hadi chai yake ikaisha, akasema ni nzuri sana, akaomba andazi. Aliyefuata, mama mwenye duka la vocha, alisimama ukingoni mwa kilima muda mrefu bila kuruka kabisa, kidole kikisubiri juu ya kitufe. Kibao kilikuja, kikageuka, kikaondoka. Kikaja tena. Hakuruka. "Ni nzuri," alisema, "lakini mimi macho yangu." Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Umutoni aliona: kibao kilikuwa kinafika na kugeuka hapo hapo, bila kutulia hata kidogo, na mtu asiyekijua hakuwa na wakati wa kuamua.

Halafu akaja Mzee Sangwa, na fimbo yake, akakaa taratibu, akavaa miwani.

"Huyu binti anakwenda wapi?"

Umutoni alivuta pumzi ya kujibu. Scovia akamtazama. Umutoni akakandamiza viganja chini ya mapaja.

"Bon," alisema mzee, "tutaona wenyewe." Akaruka. Kaze akatua juu ya kibao, na mzee, kwa utulivu kabisa, akaondoa vidole kwenye kibodi, akaviweka mapajani, asubiri kubebwa. Kibao kikaondoka. Kaze akabaki hewani. Maji yakaruka.

Mzee alikunja uso. Akarudia. Akaruka, akatua, akaondoa vidole, akasubiri. Maji. Alifanya hivyo hivyo tena na tena, bila hasira, na kila mara mikono ilirudi mapajani. Umutoni hakuwa anatazama tena kioo. Alitazama ile mikono miwili yenye mishipa, jinsi ilivyokiamini kibao, na jinsi kibao kilivyomwangusha kila mara.

"Ça va?" Scovia aliuliza, makusudi.

"Ça va, ça va," alisema Mzee Sangwa. "Nzuri sana. Mtoto ana akili." Akashika fimbo, akainuka, na alipokuwa mlangoni akageuka. "Ila mimi nilidhani kile ni cha kunibeba."

Walipoondoka wote, Umutoni alibaki kwenye kigoda. Macho yalikuwa mekundu.

"Hata mmoja, Mama. Mwaka mzima."

Scovia alikusanya vikombe. Hakuwa hodari wa kubembeleza na hakujaribu. "Hawakushindwa kwa sababu ni mbaya," alisema. "Fundi viatu alijaribu hadi chai ikaisha. Mzee Sangwa hakai kwenye kiti dakika tano bila kujishika nyonga. Leo umemwona akijishika?"

Umutoni alifikiri. "Hapana."

"Basi inuka. Una wiki."

Wiki hiyo nyumba iligeuka. Scovia alitoka kazini akamkuta binti yake mezani, nywele hazijachanwa, vibao vikienda na kurudi kwenye kioo bila Kaze, kama mabasi matupu. Kwanza Umutoni alikifundisha kibao kubeba. Ilimchukua siku nzima: kila kibao kikisogea, ilibidi kitazame ni nani aliyesimama juu yake na kimsogeze kwa kiasi kile kile, asizidi, asipungue. Mara ya kwanza Kaze alibebwa vizuri, lakini alipogeuka akatupwa kilima cha pili kama jiwe la manati, na Scovia akacheka mpaka akashika mlango. Umutoni naye akacheka, na kile kimya cha Ijumaa kikaisha bila mtu kukitaja.

Kisha kibao kilipofika mwisho wa safari kikafundishwa kutulia kidogo kabla ya kugeuka. "Muda gani?" aliuliza Umutoni.

"Muda wa mtu kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu," Scovia alisema, akasimama akamwonyesha, katikati ya sebule, akiwa bado na sare ya kazi. Umutoni alimtazama miguu, akaandika, akajaribu, akamwambia arudie.

Kibao cha kwanza akakishusha mpaka kikawa juu ya majani tu, siyo maji, ili anayeanguka mwanzoni aanguke bila hasara, ainuke, aruke tena. Mzee Sangwa aliitwa. Akaruka, akaweka mikono mapajani, na kibao kikamchukua Kaze, taratibu, juu ya majani, mpaka ng'ambo. Mzee hakusema ni nzuri. Aliinama mbele akatafuta kitufe.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa kibao cha mwisho, kile kinachomong'onyoka.

"Kitoe," alisema Scovia. Ilikuwa Alhamisi na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanguka hapo hadi vidole vinamuuma.

"Hapana."

"Watu wamefika mpaka hapo, wamechoka, unawavunjia ubao. Huo ni uchokozi."

"Siyo uchokozi. Kile cha kwanza kinamfundisha kwamba vibao vinabeba. Kile cha kupanda kinamfundisha kusubiri. Hiki kinamwambia, sasa usisubiri." Umutoni aligeuza kiti, akamtazama mama yake usoni, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Ukiondoa hatari yote, Mama, hakuna gemu. Kuna lifti tu."

Scovia alitaka kujibu. Akakumbuka vile vyuma viwili vya sambamba vya kazini, ambavyo mgonjwa anavishika akijifunza hatua za kwanza, na jinsi ambavyo siku inafika inabidi umwambie aviachie, naye anakutazama kama unayetaka kumuua. Hakuna siku aliyoviondoa vyuma mapema. Na hakuna mgonjwa aliyemwacha navyo milele.

"Basi kitimue vumbi," alisema mwishowe. "Kabla hakijavunjika kidondoshe udongo kidogo. Mtu ajue."

Umutoni alitafakari. "Hilo sawa," alisema. "Hilo ni zuri."

"Zuri kweli au zuri la Christella?"

"Zuri kweli."

Jumamosi ukumbi wa Kimihurura ulijaa vijana na nyaya. Umutoni alipewa meza karibu na choo. Upande mmoja kulikuwa na mbio za magari, upande mwingine vita vya anga, vyote vikipiga kelele, na katikati Kaze amesimama kimya kwenye mvua yake. Scovia aliegemea ukuta akiwa na mfuko wa maandazi ambayo hakuna aliyeyataka. Simu ilitetemeka: Kayitesi alikuwa anauliza kama Jumatatu Umutoni atakuja mapema, maana kuna lori la saruji linashushwa. Scovia hakujibu.

Mtu wa studio alifika karibu na mchana. Viateur, ndivyo kadi ya shingoni ilivyosema. Mwanamume mrefu, shati limechomekwa vizuri, uso wa mtu aliyekwisha kuona meza nyingi. Alikaa. Umutoni alimsalimu, akamtajia jina la gemu, akavuta kigoda pembeni, akakalia mikono yake.

"Hutanieleza?" aliuliza Viateur.

"Hapana. Karibu ucheze."

Aliinua nyusi, akacheza. Kibao cha kwanza kilimbeba juu ya majani. Cha pili na cha tatu alivipita haraka, mtu wa kazi hii. Kwenye kinachopanda alikosea mara moja, akatabasamu. Akafika cha mwisho. Akatua, akasubiri kubebwa kama alivyofundishwa na vyote vilivyotangulia, udongo ukadondoka, hakuuona, kibao kikavunjika. Maji yakaruka.

"Aha," alisema. Akageuka kwa Umutoni, na ule uso wa adabu ukarudi. "Ni nzuri. Hongera sana. Tutakupigia simu."

Kila mtu Kigali anaijua hiyo *tutakupigia simu*. Ndiyo namna ya kumfungulia mtu mlango atoke. Scovia alimtazama binti yake akitarajia uso umshuke, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia njiani.

Lakini Umutoni hakuwa anamtazama Viateur usoni. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mikono haikuwa imetoka kwenye kibodi. Kidole cha kati kilikuwa bado juu ya mshale, kimekunjwa kidogo. Viateur aliangalia saa, akaangalia meza iliyofuata, na kidole kikabonyeza. Kaze akaruka.

"Viateur," mwenzake alimwita kutoka vita vya anga, "huku bado."

"Nakuja."

Hakwenda. Alivuka vyote, akafika pale pale, akatua, akaona udongo safari hii lakini akachelewa. Maji. Alicheka chinichini, peke yake. Akavuta kiti mbele. Umutoni alikuwa amejikalia mikono mpaka mabega yamepanda masikioni, na Scovia ukutani alijikuta ameminya mfuko wa maandazi.

Akatua. Udongo. Akaruka hapo hapo, kibao kikavunjika nyuma ya viatu vya njano, na Kaze akaangukia nyasi za kilima cha pili kwa magoti, akainuka, akaweka mwavuli sawa.

Viateur alimgeukia Umutoni. "Halafu?"

"Halafu bado," alisema Umutoni. "Nilikuwa nitengeneze bonde la pili wiki hii. Nimeitumia yote kurekebisha vibao."

"Vilikuwa na nini?"

"Vilikuwa vinamwacha. Unasimama, kinaondoka, unabaki hewani. Watu ishirini waliniambia ni nzuri."

"Ukajuaje?"

"Mama alicheza," Umutoni alisema, na akamwonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa bado imekaliwa. "Alikufa sana."

Viateur alimtazama Scovia, akamwamkia kwa heshima, na Scovia akampa andazi kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alilipokea. Alilitafuna polepole akitazama Kaze kwenye mvua.

"Ofisini kwetu," alisema, "tuna gemu ambayo kila mtu anasema ni nzuri. Tumeifanya miaka miwili. Kila mtu. Mpaka naogopa." Alijipangusa sukari vidoleni. "Jumatatu uje saa mbili asubuhi. Hiyo miezi sita ni yako, barua utaikuta pale pale. Lakini siku ya kwanza sitaki utengeneze kitu. Nataka ukae vile ulivyokaa, mbele ya watu wanaoicheza. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Umutoni.

"Jumatatu kweli?" Scovia aliuliza kutoka ukutani. "Au tutakupigia simu?"

"Mama."

Viateur alicheka, safari hii kwa sauti. "Jumatatu, mama. Saa mbili."

Viateur alipokwenda kwenye meza ya vita vya anga, Scovia alitoa simu, akamwandikia Kayitesi kwamba atafute mtu mwingine wa kupokea saruji, na kwamba kile kiti ampe mtu mwenye kukihitaji. Aliusoma ujumbe, akautuma. Halafu akaja mezani, akaweka mfuko chini, akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la Viateur.

"Unafanya nini?" aliuliza Umutoni.

"Yule amevuka. Mimi wiki nzima sijavuka."

Kibao cha kwanza kikambeba. Cha pili, cha tatu. Kinachopanda akakisubiri, akahesabu kimoyomoyo, akapanda nacho. Mbele yake kikabaki kimoja, kinakuja taratibu kwenye mvua. Pembeni, Umutoni alivuta pumzi ya kusema kitu.

"Nyamaza," Scovia alisema, bila kuondoa macho. "Kalia mikono yako."

Kibao kikafika. Akaruka.